Viazi vya mapema kwenye alotimenti: hilo neno "mapema" linatuchanganya wapi

Mwisho wa mwezi wa kwanza ukiingia duka la bustani hapa Uingereza unakuta ukuta mzima umejaa vineti vya viazi vya mbegu, kilo mbili mbili, vina majina kama ya watu: Duke of York, Lady Christl, Charlotte, Arran Pilot. Na kila kineti kina kakaratasi, hiki kimeandikwa First Early, kile Second Early, kingine Maincrop. Mtu aliyekulia kwetu akisoma pale anaelewa hivi, hivi vya kwanza ni vya kupanda mapema, vya pili unapanda baadaye kidogo, na kama umechelewa kabisa basi unachukua ile ya tatu. Mimi nilielewa hivyohivyo mwaka wangu wa kwanza hapa Leeds. Nilipata ploti mwezi wa tano, nikajua nimechelewa, nikachukua Maincrop nikapanda mistari minne, na mwezi wa nane ukungu ukaingia, ndani ya wiki mbili majani yote yamekuwa kahawia na nilipochimba nikakuta viazi vyenyewe vinanuka. Nilichotakiwa kupanda siku ile ya mwezi wa tano ni vile vya mapema. Nimeona wenzangu kadhaa wanarudia kosa hilihili ndo maana nataka nilieleze taratibu.

Kwa ambaye hajazoea, alotimenti ni kipande cha ardhi unachokodi, mara nyingi toka halmashauri ya mji, kwa kodi ndogo ya mwaka, ulime chakula cha nyumbani kwako. Sheria yake kubwa ni ya 1908. Ploti kamili ya kizamani ni kama mita za mraba 250, ila siku hizi wengi tunapewa nusu na baada ya kukaa kwenye foleni miaka. Kwa hiyo ardhi ni ndogo na kila mstari una thamani, huwezi kupanda aina yoyote tu kwa kubahatisha.

Sasa tuanze na neno lenyewe. "Mapema" hapo haisemi unapanda lini, inasema kiazi kinakaa ardhini muda gani. Vya kwanza vinachukua kama wiki 10 mpaka 12 tangu kupandwa hadi kuchimbwa. Vya pili wiki 13 mpaka 15. Vya msimu mkuu kuanzia wiki 16 na vingine vinafika 20 au zaidi. Chukua kiazi kimoja cha kila aina, uvipande vyote vitatu siku moja katikati ya mwezi wa nne kwenye mstari mmoja, bado vitakomaa kwa zamu, kile cha kwanza utakila mwanzoni mwa mwezi wa saba na kile cha mwisho utakingoja mpaka mwezi wa tisa. Ni tabia iliyo ndani ya mmea, kalenda ya mpandaji haiibadilishi.

Hiyo tabia imetoka wapi? Hapa pananifurahisha kuliko pengine pote kwenye hili somo, maana panatuhusu. Kiazi asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, sehemu ambayo mchana na usiku havitofautiani sana, na mmea wake ulizoea kusubiri siku fupi ndo uanze kutengeneza viazi chini. Wazungu walipouleta Ulaya karne ya 16 wakakuta unaota majani mazuri tu kiangazi kizima halafu chini hakuna kitu, kwa sababu huku mwezi wa sita mchana unafika karibu masaa 17, mmea unaona bado, bado, bado, mpaka siku zinafupika mwezi wa tisa na wa kumi, na wakati huo baridi inakuja kuuua. Ikabidi watu kwa vizazi vingi wachague ile michache isiyosubiri. Mwaka 2013 watafiti, wengi wao wa Wageningen kule Uholanzi, walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba wameipata jeni yenyewe inayohusika, iko kwenye kromosomu ya tano, na kwamba aina zinazowahi zina toleo la hiyo jeni ambalo halisikilizi sana urefu wa mchana. Yaani kiazi cha mapema ni kiazi kilichoacha kuisikiliza ile saa ya Andes. Mchana ni mrefu, chenyewe kinaanza kujaza chini.

Ndo maana uzoefu wetu wa nyumbani hautusaidii hapa. Lushoto, Njombe au Nyandarua mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, ile saa haizuii kitu, kwa hiyo hata aina inayoonekana imechelewa Ulaya inaweza kuwahi kule. Shangi ya Kenya inakomaa kama miezi mitatu, na hakuna anayehangaika kuuliza ni ya kwanza au ya pili, anauliza mvua inaanza lini na bei sokoni ikoje. Huku swali ni lingine. (Na tafadhali usibebe mbegu ya nyumbani kwenye begi ukaipande huku, sheria ya mipakani hairuhusu na sababu yake ni ya kweli kabisa, magonjwa ya kiazi yanasafiri ndani ya kiazi chenyewe.)

Swali la huku ni dirisha. Upande mmoja una jalidi, ile barafu ya alfajiri. Kwetu Leeds inaweza kuja mpaka katikati ya mwezi wa tano na kuna miaka inapita hapo. Majani ya kiazi hayaivumilii hata kidogo, unaamka unakuta machipukizi yaliyokuwa kijani jana yamekuwa meusi na yamelegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Upande wa pili una ukungu, mabwana shamba wa Tanzania wanauita baka jani chelewa, ni uleule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845 watu kama milioni moja wakafa. Ukungu huu unataka joto kidogo na unyevu mwingi. Wataalamu wa hapa tangu 2017 wanatumia kipimo hiki: siku mbili mfululizo ambazo joto halijashuka chini ya nyuzi 10, na kila siku kuna angalau masaa 6 ya unyevu wa hewa asilimia 90 au zaidi. Sasa fikiria mwezi wa saba na wa nane wa Uingereza wenye mvua mvua, hiyo hali inapatikana kirahisi sana. Kiazi chenye wiki 11 ukikipanda mwisho wa mwezi wa tatu kinatoka ardhini mwezi wa sita, na kwa miaka iliyo mingi hapo ukungu unakuwa bado haujafika, kiazi chenye wiki 20 kinakaa pale kinausubiri. Mwenye shamba kubwa anapiga dawa, sisi wa alotimenti dawa hizo hatuuziwi siku hizi. Kwa hiyo kwetu kuchagua cha mapema ndo dawa yenyewe.

Watu wa hapa wana desturi ya kupanda viazi Ijumaa Kuu. Ni desturi nzuri ila Pasaka inahama, inaweza kuwa tarehe 22 mwezi wa tatu au tarehe 25 mwezi wa nne, tofauti ya zaidi ya mwezi mzima, na udongo haujui ni Pasaka. Mi naingiza mkono kwenye udongo, kama siwezi kuuacha humo dakika moja bila vidole kuuma kwa baridi basi nasubiri wiki nyingine.

Haya, umeshaamua ni vya mapema, utachukua kipi? Hapa ndo watu wengi wanaenda kwa jina au kwa picha ya kwenye pakiti. Ushauri wangu anza na sufuria. Viazi vyote duniani vinakaa kwenye mstari mmoja, huku mwisho mmoja vile vyenye unga, vikavu, vinavyopasuka ukichemsha, na mwisho wa pili vile vinavyoshikana, vya majimaji kidogo, unavichemsha hata nusu saa na bado vina kona zake. Vya mapema vingi vimelalia huku kwenye kushikana, kwa sababu vinachimbwa vikiwa bado vichanga, wanga haujajaa. Ukitaka kujua kiazi ulichonacho ni cha upande gani changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, kiweke humo, cha unga kinazama na kile cha kushikana kinaelea.

Kwa pilau na biriani unataka cha kushikana, huo hauna mjadala. Kile kiazi kinachokaa chini ya nyama kinapigwa mvuke muda mrefu, na kama ni cha unga unafungua sufuria unakuta uji. Charlotte ndo jibu langu hapo, ni aina ya Kifaransa ya tangu 1981, iko kwenye kundi la pili, kirefu kidogo, ndani rangi ya manjano, na ladha yake inakubali viungo bila kupotea. Viazi vya nazi pia Charlotte, na viazi karai vya kuchemsha ukachovya kwenye unga wa dengu, maana unataka kikatike vipande safi na visimeguke ndani ya mafuta. Wilja wa Uholanzi naye anafaa, ana unga kiasi ila anajishika.

Kwa kachori na katlesi mambo yanageuka. Pale unaponda, na kiazi cha kushikana ukikiponda kinakuwa gundi, kachori inanyonya mafuta na ndani inakuwa nzito. Unataka chenye unga, na kwenye kundi la kwanza viko vichache tu. Red Duke of York, ganda jekundu, ndani manjano, mkavu kweli kwa kiazi kinachowahi, huyu ndo nampenda zaidi ya wote. Kaka yake mweupe, Duke of York, yupo tangu 1891. Sharpe's Express pia ana unga na ladha nzuri ya kizamani, lakini usimchemshe kwenye maji mengi, anavunjika na kupotelea humohumo, mpike kwa mvuke na ganda lake halafu umenye.

Chipsi, na hapa nasema kwa ajili ya wapenzi wa chipsi mayai, viazi vichanga si vyake. Vina maji mengi na sukari bado ipo, kwa hiyo chipsi inakuwa ya kahawia nje kabla ndani haijaiva. Kama lazima, chukua Kestrel wa kundi la pili, ana mabaka ya zambarau kwenye macho, muache ardhini mpaka ganda likaze, atakupa chipsi safi, na uzuri mwingine konokono hawampendi sana.

Kinachobaki ni vile vya kula vyenyewe tu, na hivi ndo sababu hasa ya kuhangaika. Kiazi cha mapema kilichotoka ardhini saa moja iliyopita, ganda linatoka kwa kusugua na kidole gumba, unachemsha na chumvi dakika kumi na tano, unaweka siagi au pilipili ya kuponda na ndimu, hiki kitu dukani hakipo. Kinapoteza utamu wake kila siku inayopita, na ganda lake jembamba halikubali kuhifadhiwa. Kwa shughuli hii Arran Pilot ndo wa wazee wa hapa, alizalishwa kisiwa cha Arran, Scotland, na Donald McKelvie akatoka 1930, hadi leo ukipita kwenye ploti za wazee utamkuta. Wale wanaosifia Jersey Royal wajue jina hilo ni la viazi vilivyolimwa kisiwa cha Jersey peke yake na linalindwa kisheria, mbegu yake ukiinunua inaitwa International Kidney, na ukiipanda Leeds haitakupa kile cha Jersey kwa sababu sehemu ya siri yake ni ule udongo mwepesi na miteremko inayotazama jua.

Kuna wawili wanaosifiwa kwa kuwahi kuliko wote, Rocket na Swift. Ni kweli wanawahi, Swift ana majani mafupi hata kwenye mfuko au ndoo kubwa anakaa vizuri kama huna ploti. Lakini ladha yao ni nyepesi na Rocket ukimchelewesha ardhini anakuwa wa majimaji. Ladha mimi siiuzi kwa wiki moja ya kuwahi, ila kama unakaa kwenye fleti na una kibaraza tu, Swift ni sawa kabisa.

Baada ya sufuria angalia udongo, na hapa alotimenti zina tatizo lake maalumu. Ardhi hii imelimwa viazi na watu tofauti kwa miaka mia na zaidi, kwa hiyo nyingi zina nematodi wa kiazi, minyoo midogo sana inayokaa kwenye mizizi, na mayai yao yamefungwa ndani ya vijifuko vinavyoweza kukaa udongoni miaka 20 yakisubiri kiazi. Ukiona miche yako imedumaa sehemu moja ya mstari, ing'oe mmoja, angalia mizizi kwa karibu, utaona vitone kama punje za mchanga vya njano au vyeupe. Wako wa aina mbili, wa njano na wa weupe. Kinga dhidi ya wale wa njano ilipatikana kwenye viazi vya Andes na ikaanza kuingizwa kwenye aina za Uingereza miaka ya 1960, Maris Piper wa 1966 ndo aliyeifanya ijulikane. Kwa hiyo una kanuni rahisi, aina zenye umri mkubwa kama Duke of York, Sharpe's Express na Arran Pilot hazina kinga hiyo, na nyingi za baadaye kama Pentland Javelin, Lady Christl na Rocket wanayo. Wale wa weupe ni wagumu zaidi na kwenye sehemu nyingi za Uingereza ndo waliotawala sasa, kwa hao njia iliyobaki ni kuzungusha mazao, usirudishe viazi sehemu ileile mpaka miaka minne au zaidi ipite. Kuwahi kuchimba nako kunasaidia, unawatoa mizizini kabla hawajamaliza kuzaliana.

Muulize jirani wa ploti, kweli. Yule mama wa pembeni yangu ana miaka zaidi ya thelathini pale, aliniambia kwa sentensi moja kona gani ya ploti yangu inadumaza viazi, na nilipopima nikakuta ni hivyohivyo.

Mbegu nunua zilizothibitishwa. Nyingi zinatoka Scotland, sababu kule kuna baridi na upepo na vidukari wanaosambaza virusi ni wachache. Kiazi cha supermaketi kinaweza kuota lakini hujui kimebeba nini, na virusi vinapunguza mavuno bila hata wewe kujua kwa nini. Kilo moja inatoa kama mbegu 12 mpaka 15. Mwezi wa kwanza na wa pili kwenye miji mingi kunakuwa na siku ya viazi, ukumbi mzima watu wanauza mbegu moja moja, hapo unaweza kuchukua tano za hii, tano za ile, ukajaribu aina nne kwa bei ya kineti kimoja. Nenda na bahasha na kalamu, maana zikichanganyika huwezi kuzitofautisha tena.

Zikifika nyumbani zipange kwenye trei za mayai, ule upande wenye macho mengi uangalie juu, ziweke sehemu yenye mwanga na ubaridi lakini isiyogandisha. Ni wazo lilelile la yale maghala ya mwanga hafifu ya wakulima wetu kule nyumbani, mwanga unafanya chipukizi liwe fupi, nene na la rangi, gizani linakuwa refu, jeupe, linavunjika ukiligusa. Chipukizi likifika sentimita 2 au 3 ziko tayari. Kwa vya mapema hatua hii ina maana sana kwa sababu unaiba wiki kadhaa kabla udongo haujapata joto, kwa vya msimu mkuu faida yake ni ndogo.

Kupanda ni sentimita 10 mpaka 15 kwenda chini, 30 kati ya mche na mche, 60 kati ya mistari. Mstari wa mita tatu ni miche kumi. Chipukizi likitoka pandishia udongo, likitoka tena pandishia tena, na usiku ukisikia utabiri wa jalidi tupia kitambaa chepesi cheupe au hata magazeti ya zamani, ondoa asubuhi. Ukipitiwa na yakaungua using'oe, mmea una machipukizi mengine chini, utachelewa wiki mbili tatu ila utarudi. Epicure, aina ya 1897, inajulikana kwa kurudi haraka kuliko wenzake, na kama ploti yako iko bondeni ambako baridi inatuama basi mfikirie huyo.

Viazi vikifika ukubwa wa gololi mwagilia kwa wingi, kama hakuna mvua ndo wakati pekee ambao sikubali kukosa kwenda shamba.

Na kuchimba, watu wanaambiwa subiri maua. Maua ni dalili ila si saa, kuna aina ambazo hazitoi maua kabisa na ukisubiri utapitiliza. Hesabu wiki kumi, kisha siku hiyo piga magoti pembeni ya tuta, ingiza vidole polepole kwenye udongo bila kung'oa mche, papasa. Ukigusa kitu laini na cha mviringo chenye ukubwa wa yai la kuku, kitoe hicho, rudishia udongo, mche utaendelea kujaza wengine. Kama ni wadogo kama gololi bado, rudi baada ya siku saba. Nyumbani kwangu tunachimba mche mmoja au miwili kwa siku, ule wa jioni hiyo tu, kwa kawaida mche unatoa kama kilo moja, pungufu ya vya msimu mkuu, na sijawahi kusikia mtu mezani analalamika.

Kama una nusu ploti ningekupangia hivi: mstari mmoja wa Red Duke of York kwa kachori, au Lady Christl kama udongo wako una wale minyoo wa njano, mistari miwili ya Charlotte kwa sababu pilau haiishi, na vya msimu mkuu uviache kabisa isipokuwa Sarpo Mira ambaye anavumilia ukungu kuliko karibu wote. Mwisho wa mwezi wa sita ule mstari wa kwanza unakuwa mtupu, udongo umeshachimbuliwa na samadi ya majira ya baridi bado imo, na kiangazi ndo kwanza katikati. Miche yangu ya sukuma wiki nakuwa nimeiotesha kwenye trei tangu mwezi wa tano, naihamishia palepale jioni ileile niliyotoa viazi vya mwisho, namwagilia, na kuanzia mwezi wa tisa nachuma majani mpaka theluji ianguke.